Jiwe liitwalo Katanga, na kwa nini Lubumbashi ilipime

Iko Katanga moja ambayo mwaka 1971 haikubatizwa Shaba, wala mwaka 2015 haikukatwa vipande vinne. Ni jiwe lenye kipenyo cha kilomita kama 16, namba 1817 katika daftari la sayari ndogo, nalo linazunguka Jua katika sehemu ya ndani ya ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwanaastronomia Cyril Jackson aliligundua tarehe 20 Juni 1939 katika kituo cha Union Observatory, Johannesburg, likapewa jina la lililokuwa jimbo letu, kusini mwa Kongo. Ninapolitaja hapa Lubumbashi, swali la kwanza ninalopata ni lilelile: lina kobalti?

Swali hilo nalielewa. Aliyekulia katika mji uliozaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, mji ambao ukifika tu unaona bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru tunachokiita terili, ataliona kila jiwe kama kitu cha kuchimbwa. Hata hivyo nadhani tunauliza mahali pasipofaa. Mali ya jiwe hili iko katika njia yake, yaani katika vipimo vinavyosema lilikuwa wapi, liko wapi leo na litakuwa wapi miaka hamsini ijayo. Katika kazi hiyo ya vipimo, Lubumbashi ina nafasi ambayo miji mingi yenye vituo vikubwa haina, na mpaka sasa hatujaitumia.

Tuanze na kobalti, ili tuimalize. Katanga ni asteroidi ya mawe: madini ya silika yenye chuma na magnesiamu ndani yake, na kiasi fulani cha metali. Shaba na kobalti ya kwetu ilikusanyika kwa namna nyingine kabisa. Ilihitaji bahari ya kale, tabaka juu ya tabaka za mashapo, na maji moto ya chumvi yaliyopenya katika tabaka hizo kwa muda mrefu mno, yakiyeyusha metali hapa na kuiacha pale. Jiwe kavu lililozurura angani tangu lilipovunjika kutoka kwa mama yake halikupitia hayo. Na hata kama lingekuwa na kitu, nani akakichukue? Chombo cha Marekani cha OSIRIS-REx kilileta gramu 121.6 za asteroidi Bennu mwaka 2023, kwa mradi uliogharimu zaidi ya dola bilioni 1. Bennu hutujia karibu, Katanga haitujii. Likiwa karibu kabisa na Jua, bado liko mbali kuliko Mirihi.

Sasa tuje kwenye ugunduzi wenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Tunadhani Jackson alichungulia kwenye darubini, akaliona jiwe, akapiga kelele ya furaha. Haikuwa hivyo. Mwaka 1939 kazi hii ilifanywa kwa vioo vya picha. Mtu alikaa na darubini katika baridi ya Juni ya nyanda za juu, mlango wa kuba wazi, akiifanya darubini ifuate nyota kwa uvumilivu huku mwanga ukiingia kwenye kioo kilichopakwa dawa. Nyota zilibaki vitone. Kitu kilichotembea kiliacha alama ndefu kidogo, au kilionekana mahali tofauti kwenye kioo cha usiku mwingine. Kisha vioo viwili viliwekwa kwenye mashine iliyoonyesha kimoja, kingine, kimoja, kingine, upesi upesi, mpaka jicho likanasa kitone kinachoruka huku elfu nyingine zimetulia. Kwa njia ya kulinganisha vioo vya kituo hichohicho, mkurugenzi wake wa kwanza, Robert Innes, aliipata mwaka 1915 nyota Proxima Centauri, jirani wa karibu kabisa wa Jua letu.

Kitone cha Juni 1939 kilipewa jina la muda, 1939 MB. Herufi hizo mbili ni kama kadi ya mahudhurio. M inasema nusu ya pili ya mwezi Juni. B inasema kilikuwa cha pili kuandikishwa katika nusu hiyo ya mwezi, dunia nzima. Ni hayo tu. Halikuwa Katanga bado, wala halikuwa na namba. Lilikuwa kitone chenye tarehe.

Namba huja pale obiti, yaani njia ya jiwe kuzunguka Jua, inapojulikana vya kutosha kiasi kwamba jiwe haliwezi tena kupotea. Angalia namba hiyo, 1817. Icarus, asteroidi iliyogunduliwa 1949, ina namba 1566. Geographos ya mwaka 1951 ina 1620. Katanga lilionekana miaka kumi kabla ya Icarus, na bado likapanga foleni nyuma yake. Maana yake ni kwamba baada ya Jackson kulinasa, kwa miaka mingi lilihitaji kuonwa tena, na tena, na watu waliolitafuta mahali ambapo hesabu ilisema litakuwa, wakapima, wakarekebisha hesabu. Mawe mengine hayakupata bahati hiyo. Albert liligunduliwa 1911 na likapotea hadi mwaka 2000. Hermes lilipita karibu na Dunia 1937, likatoweka, likaonekana tena 2003. Yote mawili yaligunduliwa, lakini hakuna aliyejua yako wapi.

Kwa hiyo ninaposema ugunduzi, nasema kazi yote hiyo: kuona mara ya kwanza ni mwanzo, na kufuatilia ndiyo kazi yenyewe. Hili lilijulikana tangu asteroidi ya kwanza kabisa. Giuseppe Piazzi aliiona Ceres mjini Palermo usiku wa tarehe 1 Januari 1801, akaifuata kwa wiki kadhaa, akaugua, na Ceres ikamezwa na mng'ao wa Jua. Wanaastronomia wa Ulaya wakabaki hawajui waielekeze wapi darubini. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akachukua vipimo vichache vya Piazzi na kutengeneza njia ya hesabu ya kupata obiti nzima kutokana na mahali patatu tu. Mwisho wa mwaka huohuo Ceres ikapatikana karibu kabisa na pale alipoonyesha. Gauss hakuwa na darubini ya Piazzi. Alikuwa na namba za Piazzi, zimeandikwa vizuri, zenye saa na tarehe.

Obiti ni namba sita. Ya kwanza inasema ukubwa wa njia: kwa Katanga wastani wake ni mara 2.37 ya umbali wa Dunia na Jua, na kwa kuwa Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwa Jua, unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Ya pili inasema njia hiyo imeacha uduara kwa kiasi gani: 0.19, kwa hiyo Katanga husogea hadi mara 1.9 na hurudi nyuma hadi mara 2.8. Kutokana na namba ya kwanza peke yake, sheria ya Kepler inakupa mwaka wa jiwe: miaka 3 na miezi 8. Tangu Jackson alione, limekwisha kulizunguka Jua zaidi ya mara 20. Kasi yake ya wastani ni kilomita kama 19 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, safari ya Lubumbashi hadi Likasi ingekuwa sekunde sita au saba. Namba mbili nyingine zinaeleza njia imeelekezwa wapi angani, moja inasema jiwe liko wapi kwenye njia hiyo kwa saa fulani. Nimebakiza moja kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Ni mwinamo. Sayari zote kubwa huzunguka karibu katika bapa moja, na asteroidi nyingi hufuata bapa hilo kwa tofauti ndogo. Obiti ya Katanga imeinama nyuzi kama 26. Jiwe hili linapanda juu sana ya bapa, kisha linashuka chini sana, katika kila mzunguko. Ukilitazama kutoka Duniani wakati limefika kileleni na liko upande wetu, linaweza kuwa nyuzi 40 hivi mbali na mstari ambao Jua na sayari hupitia. Mtu anayelitafuta kwa mazoea, palepale anapozitafuta sayari, hatalipata.

Mwinamo huo una historia. Katanga ni wa kundi la Phocaea, lililopewa jina la asteroidi ya 25, ambayo Jean Chacornac aliigundua Marseille mwaka 1853. Wengi wa kundi hili ni vipande vya jiwe moja kubwa lililogongwa na kuvunjika zamani sana. Makadirio ni zaidi ya miaka bilioni 2. Wanaishi kama ndani ya ua. Upande wa nje kuna mpaka kwenye mara 2.5 ya umbali wa Dunia na Jua, ambako jiwe lolote lingezunguka mara tatu wakati Mshtarii inazunguka mara moja. Mshtarii ni kubwa mno, na ukikutana nayo kwa mpangilio uleule, pale pale, mizunguko mingi mfululizo, msukumo mdogo hujumlishwa hadi njia yako inanyooka kama yai na unatupwa nje. Ndiyo sababu eneo hilo ni karibu tupu. Daniel Kirkwood aliona pengo hilo katika miaka ya 1860 kwa kupanga namba tu, akiwa na asteroidi chache kuliko wanafunzi wa shule moja ya Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Upande mwingine wa ua umewekwa na Zohali, kwa namna ngumu zaidi: kuna mahali ambapo obiti ya jiwe hugeuka polepole kwa mwendo sawa na wa obiti ya Zohali, na huko nako mawe hayadumu. Wanaopita mpakani huweza kuishia kuvuka njia ya Mirihi, na baadaye hata ya Dunia. Katanga lenyewe limo ndani ya ua, limetulia, na halitishi mtu yeyote. Lakini ili kujua ua huo unavujisha mawe kwa kiasi gani, unahitaji kujua vizuri obiti na maumbo ya wakazi wake.

Sasa weka Lubumbashi kwenye picha. Tuko nyuzi 11 na dakika 40 kusini ya ikweta, kwenye uwanda wa zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Kutoka hapa, anga karibu lote linachomoza: kasoro ni duara dogo tu kuzunguka ncha ya kaskazini. Katanga liwe limepanda kaskazini au limeshuka kusini, sisi tunaliona. Chukua Brussels, iliyoko karibu nyuzi 51 kaskazini. Kila kitu kilichoko chini ya nyuzi 39 kusini hakichomozi kabisa pale, mwaka mzima, milele. Wao wanapata nusu ya hadithi ya jiwe lenye mwinamo kama huu. Sisi hatuhitaji kununua nafasi hiyo kwa dola hata moja, tumezaliwa nayo.

Na tuna kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba usiku wa hapa unakuwa mkavu, mawingu yanatoweka kwa wiki nzima. Anayetoka nje saa tisa usiku mwezi wa Juni, koti limefungwa hadi shingoni, anajua anga la Katanga linavyokuwa: nyota za Nge zinaelekea magharibi, Njia Nyeupe imevuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na umeme ukikatika katika komini, yaani mitaa ya mji, hata katikati ya mji giza linatosha. Mwezi wa Agosti mambo huharibika kidogo kwa sababu ya moto wa pori na moshi wa makaa, na mwanga wa nyota za chini unakuwa mwekundu. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mvua inatawala, na yeyote anayesema tutafanya kazi hii mwaka mzima hajawahi kungoja wingu liondoke mwezi wa Januari.

Hilo ni tatizo la kweli na nataka tulitazame uso kwa uso. Dunia huipita Katanga, yaani jiwe huwa upande wa pili kabisa na Jua na kuonekana vizuri, kila baada ya miezi 16 au 17. Likionekana vizuri Juni, mara inayofuata itaangukia Novemba ya mwaka utakaofuata, mvua zimeanza. Inayofuata ni Machi, bado mvua. Halafu inakuja Julai au Agosti. Kwa hiyo jiwe lenyewe tutalipata vizuri kwa zamu, si kila mara. Sawa. Kundi la Phocaea lina mawe mengine mengi, na kila kiangazi yapo yaliyo katika nafasi nzuri.

Mtu atauliza, na ana haki: kama obiti inajulikana, kimebaki nini cha kupima? Kimebaki umbo, na umbo lina njia mbili ambazo zote zinataka watu walio mahali tofauti tofauti.

Njia ya kwanza ni mwanga. Jiwe linajizungusha lenyewe, na kwa kuwa si duara kamili, mwanga wake unapanda na kushuka. Ukilipiga picha kila baada ya dakika chache usiku kucha, unapata mchoro wa mpando na mshuko huo. Mchoro mmoja unakupa muda wa kujizungusha. Michoro ya miaka mbalimbali, jiwe likitazamwa kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka chini, inakupa umbo lenyewe na mhimili limeegemea upande gani. Hapo mwinamo wa nyuzi 26 unageuka kuwa faida, kwa sababu jiwe linatuonyesha nyuso nyingi. Anayeliona likiwa kaskazini tu anakosa nusu.

Njia ya pili naipenda zaidi. Mara kwa mara asteroidi hupita mbele ya nyota ya mbali na kuifunika. Kivuli chake, chenye upana sawa na jiwe lenyewe, hukimbia juu ya uso wa Dunia. Kwa Katanga kivuli hicho ni utepe wa kilomita kama 16. Aliye ndani ya utepe anaona nyota inazimika kwa sekunde moja hivi na kuwaka tena. Aliye nje haoni chochote. Ukiwa na watu watano waliosambaa kuvuka utepe, kila mmoja na saa sahihi ya GPS, sekunde zao zinachora umbo la jiwe kwa usahihi ambao darubini za bei mbaya hushindwa kuufikia. Mahali jiwe lilipokuwa wakati huo nako hujulikana kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo obiti nayo inafaidika.

Fikiri kidogo juu ya jambo hili. Kivuli kikipita juu ya barabara ya Likasi, hakuna mtu wa Johannesburg, wa Chile wala wa Hawaii anayeweza kukipima. Fedha haisaidii, ukubwa wa kioo hausaidii. Ni mtu aliyesimama kando ya barabara ya Likasi, au hakuna kipimo. Vivuli vya asteroidi mbalimbali vinaipita nchi yetu kama vinavyopita nchi nyingine yoyote, na vingi vinapita bila shahidi.

Senegal wameliona hili mapema. Agosti 2018 wanasayansi wa NASA walikwenda huko na darubini nyingi ndogo ili kupima kivuli cha Arrokoth, kitu kidogo sana kilichoko mbali kuliko Pluto, miezi michache kabla ya chombo cha New Horizons kukifikia tarehe 1 Januari 2019. Walifanya kazi pamoja na wanaastronomia wa Senegal, miongoni mwao Maram Kaire, na leo kuna asteroidi yenye jina lake, namba 35462. Kivuli kilipita pale kwa sababu ya jiometri. Lakini walikuta watu wanaojua kazi, kwa sababu watu hao walikuwa wamejiandaa.

Ziko mashine kubwa, najua. Kituo cha Vera Rubin nchini Chile kilitoa picha zake za kwanza mwezi Juni 2025, na kitagundua asteroidi kwa mamilioni. Afrika Kusini, huko Sutherland, kuna darubini ya mfumo wa ATLAS inayolinda Dunia dhidi ya mawe yanayokuja. Lakini Rubin imetengenezwa kwa vitu hafifu. Asteroidi yenye mwanga wa Katanga itaijaza kamera yake mwanga kupita kiasi. Mwangaza wa nyota hupimwa kwa madaraja, na namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi; jicho la binadamu linaishia kwenye nyota za daraja la 6. Katanga huwa kati ya daraja la 13 na la 15, hafifu mara 600 hivi hadi mara 4,000 kuliko nyota ya mwisho unayoweza kuiona ukiwa shambani usiku. Darubini yenye kioo cha sentimita 25 na kamera ya kawaida ya kazi hii inalipata bila shida. Kuna eneo pana la kazi ambalo wakubwa wameliacha, nalo linalingana na uwezo wetu.

Jackson alizunguka bara letu kwa majina. Alitupa Kenya na Uganda, zote za 1933 (hiyo Kenya ni nchi, watu wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi wasije wakaidai), akatupa Ruanda, Kampala, Mombasa, Pemba, Ruvuma, Ndola hapo ng'ambo ya mpaka. Namheshimu kwa hilo. Alitoka Uingereza akiwa mtoto, akagundua asteroidi 72, na badala ya kuzijaza majina ya miungu ya Wagiriki alichukua ramani ya Afrika. Lakini majina yalipandishwa angani bila wenyeji wa mahali hapo kushiriki hata kipimo kimoja, na hali hiyo imeendelea kwa muda mrefu kupita kiasi.

Mwaka uleule wa 1939 unaniuma kwa sababu nyingine. Jiwe lilionekana Juni. Tarehe 2 Agosti, Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt, na barua hiyo ikasema chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Ubelgiji. Ni mgodi wa Shinkolobwe, hapa Katanga. Kwa matukio hayo mawili tu, jimbo hili liliingia katika anga na katika historia ya bomu, na katika yote mawili wale waliokuwa na vipimo walikuwa kwingine. Mhunzi wa zamani wa Katanga, aliyeyeyusha shaba na kuimwaga kwenye umbo la msalaba karne nyingi kabla ya mwanajiolojia Jules Cornet kufika hapa 1892, alijua mawe yake mahali yalipo na yanavyofanya. Hakuhitaji mtu wa kumwambia. Elimu ile ilikatwa, ikabaki mikono ya kuchimba. Ninapoona kijana wa leo mwenye akili ya hesabu anaishia kubeba magunia ya madini kwa bei aliyopangiwa na mtu mwenye mashine ya kupimia kiwango, naona ni jambo lilelile: anayepima ndiye anayepanga bei.

Kijana mmoja wa fizikia aliniuliza juzi, "Baba, sasa hii itanipa kazi?" Nikamjibu kwamba asteroidi haitamlipa mshahara. Lakini anayejua kuchukua picha mia tatu kwa usiku mmoja, kuondoa kasoro za kamera, kupata kosa la kipimo chake na kuliandika wazi, saa yake ikiwa sahihi kwa sehemu ya mia ya sekunde, huyo anajua kazi ya vipimo. Maabara za migodi zinahitaji kazi hiyo. Upimaji wa mipaka ya viwanja unaihitaji. Hospitali zinaihitaji. Alinyamaza kidogo, akauliza darubini inauzwa wapi.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kipo tangu 1955. Kina kitivo cha sayansi, kina polytechnique, yaani kitivo cha uhandisi, kina vijana. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kungoja wizara wala kuba la saruji. Inatosha darubini moja ya sentimita 25, kamera, kompyuta, betri na paneli ya jua, na kibanda chenye paa la kusogeza ambalo fundi yeyote wa Kamalondo analiweza. Mahali pawe nje ya mji, upande ambao taa za migodi haziangazi, penye mlinzi. Programu za kompyuta za kupimia picha zipo za bure. Kituo cha Sayari Ndogo kilichoko Cambridge, Massachusetts, ndicho kinachokusanya vipimo vya dunia nzima, na hakimuulizi mtu ana shahada gani. Kinachotaka ni mahali pako pajulikane kwa usahihi, na upime asteroidi zinazojulikana kwa usiku zaidi ya mmoja, ili waone kama namba zako zinaaminika. Zikiaminika, unapewa msimbo mfupi wa herufi na tarakimu, na kuanzia siku hiyo kila kipimo chako kinaingia katika hesabu ya obiti, sawa na cha mtu mwingine yeyote.

Kazi ya kwanza ningeipanga kwa miezi ya Juni na Julai. Kundi la wanafunzi wanne, wawili usiku huu na wawili usiku ujao, maana baridi ni kali na mtu akisinzia saa ya kupiga, picha zinaharibika. Waanze na asteroidi angavu, Ceres na Vesta, ili wakosee kwa vitu rahisi. Kisha wachukue wale wa Phocaea walio juu ya upeo msimu huo. Watagundua upesi kwamba kugusa mguu wa darubini kunafuta dakika kumi za kazi, kwamba vumbi la kiangazi linaingia kila mahali, kwamba saa ya kompyuta isiyorekebishwa inadanganya kwa sekunde nzima na sekunde nzima ni kosa kubwa. Zamu ya Katanga ikifika, wapige sehemu ileile ya anga saa mbili usiku, kisha saa sita, kisha kesho yake. Kwa siku moja jiwe husogea kiasi cha nusu ya upana wa Mwezi, kwa hiyo hawatalikosa: kitone kimoja kimehama, vingine vyote viko palepale. Waandike mahali, saa, na kosa la kipimo, na watume usiku huohuo kabla intaneti haijakatika.